Uzi: "Kinyume cha maadili" kwenye mkataba wa nyumba ni mambo ya kitanda pekee, ama na hongo imo?

MpangajiMpya:
Wakubwa hamjambo, wasee niaje.

Nimepata keja huku Umoja na ajenti amenikabidhi mkataba, wote Kiingereza cha mawakili. Mahali fulani pameandikwa nisiitumie nyumba kwa jambo lolote haramu wala "immoral". Hilo la haramu nalielewa: nisipike chang'aa, nisifiche mali ya wizi. La pili likanikwama. Nikamuuliza ajenti linahusu nini hasa. Akacheka. "Hapo ni uasherati tu. Usiniletee wasichana wa kuingia na kutoka." Alipomaliza kunihubiria akaniomba niongeze elfu mbili "ya kuharakisha", nje ya diposti, na risiti hakuna.

Huyo ajenti nitapambana naye mwenyewe. Ninalotaka tujadili ni neno lenyewe. Waingereza wanasema immorality, sisi tunasema upotovu wa maadili, utovu wa maadili, uasherati, uchafu, inategemea anayeongea. Lakini sikilizeni linavyotumika hapa Nairobi. Msichana akivaa sketi fupi, hana maadili. Wawili wakikaa pamoja bila harusi, maadili yameporomoka. Mtu akila pesa za dawa za hospitali, ghafla neno linatoweka, tunaambiwa kuna "sakata", kuna "dosari katika zabuni", pesa "zimefujwa". Goldenberg ilikuwa sakata. Anglo Leasing, ile ya mikataba hewa ya serikali, ilikuwa sakata. Kwenye Goldenberg nchi ililipa mabilioni kwa dhahabu ambayo sehemu kubwa haikuwahi kuuzwa popote, na sikumbuki mhubiri aliyesimama kusema hapo maadili yameporomoka.

Msimamo wangu niuweke wazi kabla hamjanirukia: neno limefinywa likabaki la chumba cha kulala kwa sababu huko ndiko mtu asiye na nguvu hushikwa kwa urahisi. Nipingeni.

Karani wa Milimani:
Niko ofisi ya mawakili. Si wakili, kwa hivyo msinipigie simu usiku. Kazi yangu ni kuchapa hiyo mikataba na kupanga foleni kortini.

Hicho kipengele ni cha kunakili. Kila ofisi imekitoa kwa jirani yake, na ukifuata kamba hadi mwisho unafika Uingereza. Huko, kwenye sheria ya mikataba, neno immoral kwa kweli lilibeba maana moja tu, ngono nje ya ndoa. Kesi inayosomwa na kila mwanafunzi wa sheria ni Pearce dhidi ya Brooks, 1866. Watengenezaji wa magari ya farasi walimkodishia mwanamke gari zuri, naye alikuwa analitumia kutafutia wateja, yaani ukahaba. Hakumaliza kulipa. Wakaenda kortini, wakatolewa mikono mitupu, kwa sababu walijua gari ni la kazi gani.

Ile itakayomfurahisha mpangaji ni Upfill dhidi ya Wright, 1911. Mwanamke alikodi nyumba London, na ajenti wa mwenye nyumba alijua kwamba ni mpango wa kando wa mwanamume fulani ambaye ndiye angelipa. Kodi ilipokosekana, mwenye nyumba akashtaki. Akashindwa. Jaji alisema nyumba ilikodishwa kwa jambo la uasherati, na akachukua ushahidi wake kutoka sala za Kanisa la Uingereza, ambazo zinautaja uasherati miongoni mwa dhambi za mauti. Soma tena hapo: aliyepoteza pesa ni landilodi, maana ajenti wake alijua na bado akatoa ufunguo.

Sasa inatuhusu vipi? Sheria yetu ya 1967 inayoongoza mahakama inasema pale ambapo hatuna sheria iliyoandikwa, korti zifuate kanuni za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, kadiri mazingira ya watu wa Kenya yanavyoruhusu. Kwa hivyo ya 1866 tuliirithi. Ya 1911 ni ya kumshawishi jaji tu, haimfungi.

Wenyewe huko walishasonga. Mwaka wa 1977 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilikataa hoja kwamba wawili kuishi pamoja bila ndoa ni matumizi machafu ya nyumba. Sisi tumebaki tunanakili kipengele bila kunakili yaliyokipata baadaye.

Na hongo ya ajenti haihitaji neno maadili. Inaingia kwenye lile la kwanza, haramu. Tuna Sheria ya Hongo ya 2016, na inagusa sekta binafsi, si ofisi za serikali peke yake.

Manamba Mstaafu:
Karani umetupeleka London na shida iko steji.

Nimekula barabara ya Thika tangu enzi za nganya, zile matatu za muziki wa kupasua masikio, najua watu walivyokuwa wakiongea. Mnakumbuka 2014. Wanawake walivuliwa nguo mchana kweupe, wengine wanarekodi na simu. Ukimuuliza aliyefanya anakuambia anamfunza adabu, amevaa vibaya, analinda maadili. Tarehe 17 Novemba wanawake wakakusanyika Uhuru Park na kuandamana hadi katikati ya mji, wanasema nguo ni yangu na uamuzi ni wangu. Wengine wetu tulisimama kando tukiwazomea, sitawataja.

Desemba mwaka huohuo sheria ikarekebishwa, kumvua mtu nguo likawa kosa lenye kifungo kisichopungua miaka 10. Halafu kuna kesi ya yule mama wa Githurai, aliyevuliwa ndani ya matatu. Ilipoisha 2017, watu watatu walipatikana na hatia ya wizi wa mabavu, maana walikuwa wamempora pia. Kwa hivyo maadili yalikuwa yanalindwa huku mkono uko ndani ya mkoba.

Sasa niambieni, huyo mwenye sketi na hao waliompora, nani alikuwa mpotovu? Na siku hiyo steji nzima ilikuwa na jibu moja tu.

Mwalimu Eastleigh:
Mpangaji, umeuliza swali la lugha, basi nivumilieni. Nimezaliwa Lamu nikafundisha Kiswahili hapa jijini mpaka mvi.

Hilo neno la Kiingereza mzizi wake ni Kilatini, mos, maana yake desturi, mazoea ya watu. Cicero ndiye aliyeunda neno moralis akitafuta la kutafsiria neno la Wayunani la mambo ya tabia. Kwa hivyo tangu mwanzo lilikuwa pana: namna watu waishivyo pamoja. Kitanda kilikuja kuchukua nafasi kubwa baadaye, hasa kwa sababu ya mahubiri.

Letu, maadili, lina mzizi ulio bora zaidi kwa hoja yako. Linatoka kwa adili, na adili linatoka kwa Kiarabu, adl, yaani haki, usawa, kutopendelea. Kadhi akiwa adilifu hatusemi habari za nguo zake wala mke wake wa pili, tunasema anahukumu sawa. Kwa mzizi wake, mtu aliyekosa maadili ni dhalimu kabla hajawa mzinzi.

Halafu mmeshika kundi jingine la maneno na kulichanganya. Zinaa ni tendo la ngono nje ya ndoa, kwa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, ni neno moja kwa mwenye ndoa na asiye na ndoa, ingawa hukumu zao hutofautiana. Uzinzi umetoka humo humo. Makanisani wakagawanya: uzinzi ukawa wa aliye katika ndoa, uasherati wa asiye na ndoa. Haya ni majina ya matendo. Maadili si jina la tendo, ni mizani yote. Anayesema "mambo ya maadili" akimaanisha zinaa tu amechukua jina la mji mzima akaupa mtaa mmoja.

Lakini yapo maneno mawili ambayo safari zake zinanifurahisha kila nikizifundisha. La kwanza ni ufisadi. Leo Nairobi fisadi ni mwizi wa mali ya umma, hakuna anayefikiria jingine. Ila kamusi za zamani zitakuambia fisadi ni mtu mpotovu, mharibifu, na hasa mwenye kuwatongoza wake za watu. Bibi zetu wakisema "yule fisadi" walikuwa wanamwonya binti, hawakuwa wanazungumzia Hazina ya Kitaifa. Asili yake, fasad, ni uharibifu wa kila aina. Katika Sura ya Baqara, aya ya 11, watu wanaambiwa wasifanye uharibifu katika ardhi, na neno ni hilo hilo.

La pili ni ufirauni. Firauni ni mfalme wa Misri. Kosa lake, ukisoma Qurani au Biblia, ni la serikali: alifanya watu watumwa, akaua watoto wa kiume, akajiona mungu. Leo nenda barazani useme "mambo ya ufirauni". Wengi watadhani unazungumzia ngono ya kuaibisha.

Kwa hivyo ufisadi umetoka kitandani ukaenda ikulu, na ufirauni umetoka ikulu ukaenda kitandani. Wamepishana njiani bila kusalimiana.

MpangajiMpya:
Mwalimu, hiyo ya mwisho nitaiiba.

Lakini inaniharibia hoja kidogo. Kama ufisadi uliweza kuhama kwenda kwa wezi wa umma, basi lugha haikutekwa yote. Tuna neno kali kwa wezi, tena lina harufu ya uchafu wa zamani. Mbona halitoshi?

Mwalimu Eastleigh:
Linatosha, ila limechakaa. Tanzania walilinoa upya 2007, Dkt. Slaa, mbunge wa upinzani, aliposoma pale Mwembeyanga, Dar es Salaam, orodha yake ya vigogo aliowatuhumu, na "mafisadi" likawa neno la kila kibanda cha chai. Hapa kwetu limetumika sana mpaka mwanasiasa analitamka mwenyewe akiwa jukwaani, anapiga vita ufisadi, na hakuna anayecheka. Mwambie mwanasiasa huyo huyo kwamba ni mzinzi uone atakavyokimbilia mahakamani.

Mbishi wa Kawangware:
Nyote mnataka neno lipanuke. Mimi nataka libaki dogo, tena likiweza lifutwe kwenye mikataba kabisa.

Fikirieni nani anashika hilo neno. Ni mwenye nyumba, ni ajenti, ni kearteka wa ploti. Ukimwambia "kinyume cha maadili" ni kila jambo baya, umempa rungu. Leo atasema umelewa. Kesho, mbona kijana wa kiume ana hereni. Keshokutwa wewe ni mama bila mume na umekuja na watoto, anajua kwamba "wanaume wataanza kuja". Dada yangu alinyimwa nyumba kwa sababu hiyo, ajenti hakuficha hata kidogo. Kosa lake: kuwa peke yake na kuwa na kazi ya usiku. Ni muuguzi.

Angalieni Uganda. 2014 sheria ya kupinga ponografia ilitiwa saini, na mtaani ikasomwa kama sheria ya kupiga marufuku sketi fupi. Watu wakaanza kuwashambulia wanawake Kampala kabla hata polisi hawajasoma vipengele. Mahakama ya Katiba ilikuja kuvibatilisha vifungu vyake vikuu 2021, miaka saba baadaye. Neno likiwa pana, anayelisoma kwanza ni umati.

Wizi uuiteni wizi. Una kifungu chake, una kifungo chake. Ya nini kuupeleka kwenye maadili, mahali ambapo kila mtu ni hakimu?

Karani wa Milimani:
Mbishi ana hoja ya kisheria bila kujua. Neno lisiloeleweka kwenye mkataba hufasiriwa dhidi ya aliyeuandika. Landilodi akiandika neno pana kisha akashindwa kueleza lina maana gani, kivuli kinamwangukia yeye. Shida ni kwamba wapangaji wetu hawafiki kortini wala kwenye jopo la nyumba. Wanafungiwa mlango kwa kufuli, wanahama.

Mama Kwaya:
Nimesoma kimya kimya, sasa niseme kama mama.

Mnaongea kana kwamba zinaa ni jambo dogo ambalo wahubiri wamelikuza wapate la kusema. Vijana, nimekaa na wanawake wa kanisa letu miaka mingi. Nimeona nyumba zilizovunjika kwa sababu baba alikuwa na mpango wa kando na karo ikaenda huko. Nimeona msichana wa kidato cha tatu akizalishwa na "sponsa" mwenye umri wa babake, kisha yule mtu akabadilisha laini ya simu. Hapo hakuna sketi wala umati. Hapo kuna mtoto. Msiniambie hilo si upotovu wa maadili, eti kwa sababu kuna mtu mwingine aliiba mabilioni.

Neno limekaa kitandani kwa sababu kitandani ndipo watu wengi huumizana. Mabilioni ya Goldenberg sikuyaona kwa macho. Yule binti nilimwona.

MpangajiMpya:
Mama, hapo umenigusa, ila angalia mfano wako mwenyewe. Huyo msichana wa kidato cha tatu, kama hajafika miaka 18, hilo si la uasherati tena. Ni unajisi, kwa Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006. Kabla ya hapo mashtaka mengi ya kunajisi na kubaka yalikuwa kwenye ile sura ya Kanuni ya Adhabu inayoitwa makosa dhidi ya maadili. Yaani binti alikuwa ameumizwa, na sheria ikaandika kwamba aliyeumizwa ni "maadili". Sheria ya 2006 ilivitoa vifungu vingi humo, kwa sababu wanawake walisema jambo hili ni la mwili wa mtu, ni dhuluma.

Nadhani hapo ndipo tunakubaliana bila kujua. Kinachokuuma wewe si kitanda. Ni mtu mzima kumdhulumu mtoto na kukimbia.

Mama Kwaya:
Na kitanda pia kinaniuma, mwanangu. Usinipunguzie maneno. Wale wa mpango wa kando wote ni watu wazima na hakuna sheria iliyovunjwa. Uzinzi Kenya si jinai, ni sababu ya kuomba talaka tu, hata karani atakubali. Na bado ni ubaya. Ndiyo maana tunahitaji neno lililo nje ya sheria.

Mbishi wa Kawangware:
Mama Kwaya kwa mara ya kwanza umenishinda. Neno la nje ya sheria, sawa. Likae kanisani na msikitini, likae mezani nyumbani. Lisikae kwenye mkataba wa nyumba.

Mwalimu Eastleigh:
Mama Kwaya, kwa heshima zote. Umesema neno liko kitandani kwa sababu ya wingi wa maumivu. Lakini kitabu chako hakifanyi hivyo. Tunapotaja Sodoma sote tunafikiria jambo moja. Nabii Ezekieli, sura ya 16, mstari wa 49, anautaja uovu wa Sodoma kuwa ni kiburi, kushiba chakula na raha, na kutomsaidia maskini na mhitaji. Ndiyo, mstari unaofuata unataja machukizo, sikatai. Lakini alianza na chakula. Na Paulo kwa Wakorintho, sura ya sita ya waraka wa kwanza, orodha anayoisoma kila mhubiri kuhusu waasherati, humo humo kuna wezi, wenye tamaa na wanyang'anyi. Kinachoshangaza ni kwamba mahubiri huishia nusu ya orodha.

Manamba Mstaafu:
Huishia nusu kwa sababu wa nusu ya pili ndio wameleta bahasha.

Kuna siku bahasha haikupita lakini. Novemba 2024, Rais Ruto alienda kanisa Katoliki la Soweto, kule Kayole, akatoa mamilioni kwa kwaya na kwa nyumba ya padri, akaahidi mengine na basi juu. Kesho yake Askofu Mkuu wa Nairobi, Anyolo, akatangaza pesa zirudishwe. Maaskofu walikuwa wameikosoa serikali siku chache tu kabla. Mtaa wote uliongea. Wapo waliosema askofu ameingilia siasa, na wapo waliokasirika kwa sababu nyumba ya padri kweli ilihitaji kumalizwa.

Mimi si Mkatoliki. Lakini hiyo wiki nilisikia mama muuza githeri akitumia neno maadili kuhusu pesa. Alisema hivi, "sasa hapo ndipo kuna maadili." Mara ya kwanza kulisikia hivyo sokoni.

Mama Kwaya:
Hiyo nakubali mia kwa mia. Na wanakwaya walilalamika, nawajua.

Karani wa Milimani:
Tusisahau Katiba. Hapo ndipo Mpangaji angeanzia. Katiba ya 2010 ilifanya jambo ambalo Wakenya hatukulielewa tulipokuwa tunashangilia pale Uhuru Park tarehe 27 Agosti: Sura nzima, ya Sita, ni ya uongozi na uadilifu, na ukiisoma kuanzia kifungu cha 73 hadi 80 utakuta haimuulizi kiongozi analala na nani. Inamuuliza kuhusu mgongano wa maslahi, kuhusu akaunti za benki nje ya nchi, kuhusu zawadi. Ukipewa zawadi kama kiongozi katika hafla ya umma, ni mali ya Jamhuri. Kifungu cha 75 kinagusa hata maisha ya faragha, lakini kwa kipimo cha kuiaibisha ofisi. Na tume yake ikaitwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Maadili na ufisadi, pamoja, kwenye kibao kimoja. Kwa hivyo kisheria neno limepanuliwa tangu 2010.

Ila karatasi ni karatasi. Kabla ya uchaguzi wa 2013 watu walienda Mahakama Kuu wakitaka iamuliwe kama Uhuru na Ruto, walioshtakiwa kule The Hague kwenye mahakama ya kimataifa ya jinai, wanatimiza Sura ya Sita. Korti ikasema haina mamlaka ya kuliamua swali hilo. Na kifungu cha 99 kinasema mbunge aliyehukumiwa hazuiwi kugombea mpaka njia zote za rufaa ziishe, na mnajua rufaa zetu zinavyotembea.

Lakini kuna siku iliuma. Gavana wetu wa Nairobi, Sonko, Seneti ilimwondoa Desemba 2020. 2022 akaenda kugombea Mombasa. Kifungu cha 75 kinasema anayeondolewa kwa kukiuka Sura ya Sita hawezi kushika ofisi nyingine ya dola. Mahakama ya Juu ilipomaliza suala lake Julai 2022 ilisema sura hiyo haikuwekwa kwa urembo. Nilikuwa kwenye foleni ya sajili siku hiyo na makarani wote tulikuwa tunasoma simu.

Mbishi wa Kawangware:
Karani, hiyo ni moja. Hesabu walio na kesi na bado wako kwenye kura.

Karani wa Milimani:
Sijasema vita vimeisha. Nimesema neno limeandikwa.

MtotoWaMajengo:
Nimechelewa uzi huu lakini mmenitamkia landilodi na maadili mara nyingi nikashindwa kunyamaza. Mimi ni wa Pumwani, kizazi cha tatu.

Mnajua nani walijenga vyumba vya kwanza vya kukodisha vya Waafrika katika jiji hili? Nenda uulize historia ya Pangani ya zamani, ile iliyobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 watu wakahamishiwa Shauri Moyo, na ya Majengo yetu hapa Pumwani. Wenye nyumba wengi walikuwa wanawake. Na wengi wao pesa walizipata kwa kazi ambayo ajenti wa Umoja amekuonya usiilete. Serikali ya kikoloni ilitaka wanaume waje Nairobi kufanya kazi bila wake zao, mshahara wa mtu mmoja, kitanda cha mtu mmoja. Wanawake waliokuja wakaona pengo.

Kulikuwa na majina kabisa. Watembezi walitafuta wateja barabarani. Wazi-wazi walikaa mlangoni. Malaya, kwa maana ya enzi hiyo, alibaki ndani ya chumba chake, na mgeni alipata pia chai, maji ya kuoga, pengine na chakula. Wazee wetu walilitamka kama jina la kazi. Kwa pesa hizo wengine walinunua ng'ombe kwa ajili ya baba zao kijijini, wengine wakajenga nyumba za udongo zenye vyumba vya kupangisha. Wengi walisilimu hapa hapa, na asiye na mtoto nyumba yake ilirithiwa na aliyemlea au ikawa wakfu. Familia zinazoheshimika sana huku zimelelewa ndani ya kuta hizo, na Ijumaa tunasimama safu moja.

Na kodi ya vyumba hivyo iliwalipia watu karo. Sasa tuambieni ni ipi hapo ya "kinyume cha maadili": mwanamke aliyejenga, ama serikali iliyomleta mume wake mjini na kumkataza mke?

Mama Kwaya:
Zote mbili, mjukuu wa Majengo. Mbona unataka nichague moja? Serikali ilidhulumu. Na hao akina mama, kama wangekuwa hai, wasingependa wajukuu wao wafanye kazi ile. Uliza bibi yako.

MtotoWaMajengo:
Bibi nilimuuliza kabla hajafariki, Mungu amrehemu. Alisema hivyo hivyo kama wewe, kwamba kazi ile hakuitaka kwetu hata kidogo. Nikamuuliza kama anaona haya kwa ajili ya mamake. Akanijibu kwamba mamake hakuwahi kumfungia mpangaji mlango kwa kodi ya mwezi mmoja, na kwamba mwenye haya atafutwe kwa wale waliokuja baadaye na matingatinga.